Kiatu cha Kushoto: Maneno kwa Vijana Wanaofikiria Kusomea Kemia ya Dawa

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu na wazazi, katika shule moja ya sekondari jijini Mwanza

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu mliokaa kwenye nyasi kwa sababu viti havikutosha. Marahaba, na ahsanteni kwa mapokezi.

Naomba nianze na swali. Nani hapa amewahi kumeza dawa ya kichocho shuleni? Naam, naona mikono karibu yote. Basi mnakumbuka ilivyokuwa. Mnapangwa foleni baada ya uji, unasimamishwa kwenye ule ubao mrefu wenye alama, mwalimu anatazama kichwa chako kimefika wapi, halafu anakuhesabia vidonge kwa urefu wako. Vidonge vyenyewe ni vikubwa. Ukisitasita, kikaanza kuyeyuka ulimini, uchungu wake unakaa nawe mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Wapo waliokwenda kutema nyuma ya choo, na walimu walijua.

Dawa hiyo inaitwa prazikwanteli. Iligunduliwa Ujerumani miaka ya 1970, na mpaka leo ndiyo tegemeo letu dhidi ya kichocho. Lakini nataka mjue jambo moja kuhusu vidonge mlivyomeza: nusu ya ile prazikwanteli haikuwa na kazi ya kufanya.

Katikati ya molekuli yake kuna atomi ya kaboni iliyoshikana na vitu vinne, na vyote vinne ni tofauti. Atomi ya namna hiyo hupangika kwa njia mbili, mfano wa viganja vyenu. Hebu vitazameni. Vidole vitano hapa, vitano pale, gumba hapa, gumba pale. Sasa weka kimoja juu ya kingine, vyote viwili vikitazama chini. Havilingani, na havitalingana hata ukivigeuza mpaka jioni. Kemia ya kawaida ya kiwandani haijui kulia wala kushoto, kwa hiyo inatoa nusu kwa nusu. Anayejua ni mnyoo wa kichocho. Katika seli zake kuna mlango wa protini uliochongwa kupokea umbo moja. Umbo hilo likiingia, kalisi inafurika ndani, misuli ya mnyoo inakaza, mshipa wa damu uliokuwa umeng'ang'aniwa unaachiwa. Umbo la pili linafika mlangoni kama kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Na watu walipopewa kila umbo walionje peke yake, ikaonekana kwamba uchungu mwingi unatoka kwenye umbo hilo lisilofanya kazi.

Fikirieni jambo hilo kidogo. Miaka nenda rudi watoto wa kanda hii wamemeza kidonge kikubwa maradufu kuliko kilichohitajika, na kichungu kuliko kilichohitajika. Wadogo zenu ambao hawajaanza shule waliachwa kabisa nje ya ugawaji, maana nani atamlazimisha mtoto wa miaka miwili kumeza kitu kile? Huku mtoto huyo naye mama yake anamwogesha kwenye maji yaleyale ya ziwa.

Mkemia mmoja, Matthew Todd, alipokuwa Chuo Kikuu cha Sydney kule Australia, aliamua kuitafuta njia nafuu ya kupata nusu iliyo sahihi peke yake. Hakufungia kazi yake kabatini. Aliliweka daftari lake la maabara wazi kwenye intaneti, makosa na yote, akasema mwenye wazo alete. Watu asiowajua, wengine wakemia wa viwandani, wakaleta. Mwaka 2011 wakachapisha walichokipata. Baadaye kundi jingine, likiwa na kampuni ya Merck ya Ujerumani, likafika kwenye kidonge kidogo kinachoyeyuka ndani ya maji, kwa ajili ya watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Kilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakipitisha kwa matumizi nje ya Ulaya. Ule mlango wa protini niliousema nao ulikuja kutambuliwa mwaka 2019. Karibu miaka 40 tumekuwa tukisukuma ufunguo bila kuijua kufuli.

Hiyo, wanangu, ndiyo kemia ya dawa. Mtu anachukua kitu ambacho wote wamekizoea, anakichora atomi kwa atomi, kisha anauliza: sehemu gani hapa inafanya kazi, na sehemu gani ni mzigo tu kwa mgonjwa? Kusanifu dawa ni kulibeba swali hilo mpaka mwisho. Na nimekuja Mwanza kwa sababu maswali mengi ya namna hiyo yanahusu magonjwa ya ziwa hili, na kwa sehemu kubwa yameulizwa na watu ambao hawajawahi kuliona.

Najua mmeandika nini mioyoni. Wengi wa tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hapa wanataka udaktari, na wazazi wao wanautaka zaidi. Hata mimi niliutaka. Nilipomaliza kidato cha sita niliuomba, sikuupata, nikapangiwa shahada ya sayansi katika kemia. Nyumbani palikuwa kama pana msiba. Mjomba alikuja kutoka Sengerema kunipa pole. Mwaka wote wa kwanza nilikaa darasani nikijihesabu kuwa mtu aliyeachwa na meli, na mwalimu yeyote aliyesema neno "molekuli" alinikumbusha kwamba sikuwa wodini.

Kilichonigeuza ni mchoro mmoja ubaoni, mwaka wa pili. Lakini lazima kwanza niwaambie kuhusu mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa malaria za mara kwa mara, na kilichomtesa kuliko homa kilikuwa dawa yenyewe, klorokwini. Usiku wa kwanza baada ya kumeza, mwili mzima ulimwasha. Hakuna upele wala uvimbe. Alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka alfajiri, sisi watoto tunammwagia maji ya baridi mgongoni. Wazee walio hapa wananielewa, wengi mliwashwa vilevile. Tulijua ndiyo desturi ya dawa, kama mvua ilivyo na matope.

Sasa yule mhadhiri akachora klorokwini ubaoni. Pete mbili zilizoungana, atomi ya klorini ubavuni, mkia mrefu wenye naitrojeni mwishoni. Nikanyosha mkono, nikamuuliza: mwalimu, ni kipande gani hapa kinachomwasha mama yangu? Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliweka chaki chini akasema swali hilo linafanyiwa kazi, na kwamba niende maktaba nikaanze na ule mkia. Sikuwahi tena kujiona mtu aliyeachwa na meli.

Niliyoyakuta maktaba yalinishangaza. Kimelea cha malaria hula damu yetu ndani ya kifuko chenye uchachu. Naitrojeni za klorokwini zikifika humo zinabeba chaji, na kitu chenye chaji hakipenyi ukuta wa kifuko kirahisi, kwa hiyo dawa inanaswa humo, inajaa, inakizuia kimelea kuifungasha sumu inayobaki baada ya kula damu. Ni mtego wa uchachu tu. Halafu kimelea kikapata ujanja. Katika protini moja ya ukuta wa kifuko hicho, nafasi ya 76, palikuwa na asidi amino, yaani tofali linalojenga protini, yenye chaji iliyokuwa ikiisukuma klorokwini irudi ndani. Kimelea kikaibadilisha kwa nyingine isiyo na chaji. Badiliko hilo ndilo lililokuwa la lazima, na mlango ukawa wazi, dawa ikaanza kutoka nje kwa mlango huo. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001. Malawi ilikuwa imetangulia mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukaonyesha kuwa vimelea vya kule vilikuwa vimerudi kuuawa na dawa ileile ya zamani. Kimelea kilipoacha kukutana na klorokwini, wale wenye ule mlango wazi wakapoteza nguvu, wale wa kale wakarudi. Sijapata kusoma habari nzuri kuliko hiyo katika sayansi yote.

Baada ya klorokwini ikaja SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, ambayo mama wajawazito wanapewa kliniki mpaka leo. Moja ya dawa zake mbili, pirimethamini, ilitoka katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion huko Marekani. Mabinti, jina hilo la Elion liandikeni. Alinyimwa kazi kwa sababu ni mwanamke, akafundisha sekondari, hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu, na mwaka 1988 akapewa Nobel pamoja na Hitchings na Mskoti James Black. Walichofanya ni kutazama tofauti kati ya kimeng'enya cha mtu na kimeng'enya cha kimelea kinachofanya kazi ileile, kisha kutafuta molekuli ya kuziba cha kimelea bila kumdhuru mtu. Kabla yao wengi walikuwa wakijaribu kemikali moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Kimelea kikaizoea SP nayo. Safari hii badiliko kuu lilikuwa nafasi ya 108 ya kimeng'enya hicho: asidi amino nyembamba ikaondoka, ikaja nene kidogo, na pirimethamini, ambayo haipindiki, ikawa inagonga ukuta. Aliyepiga picha ya ukuta huo kwa miale ya eksirei hakuwa Mmarekani wala Mwingereza. Ni kundi la Yongyuth Yuthavong wa Thailand, nchi yenye malaria yake, mwaka 2003. Walipouona mgongano wakasanifu molekuli yenye mkia unaopinda, inayokaa ndani ya nafasi ileile ambayo chakula cha kimeng'enya kinakaa, ili kimelea kikijaribu kuifungia nje kijifungie na chakula. Wakaichapisha mwaka 2012 kwa jina la P218. Imeshajaribiwa kwa watu, ingawa dukani haijafika. Nimewapa mfano wa Thailand kwa makusudi. Hawakungoja.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo zito.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliwaua watu zaidi ya 200,000 kwenye kingo za ziwa hili, upande wa Uganda. Mwaka 1906 Mjerumani Robert Koch, ambaye mnamsoma kwenye baiolojia kwa ajili ya kifua kikuu, alikwenda visiwa vya Ssese, visiwa vya Ziwa Victoria hili hili, akawatibu wagonjwa kwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu, iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu kwa muda. Alipoongeza dozi, watu zaidi ya 20 wakapofuka, na hawakuona tena.

Huko Ujerumani, Paul Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim walikuwa wakiishughulikia atoksili hiyohiyo. Bertheim akagundua kwamba mchoro ambao wote waliuamini haukuwa sahihi: molekuli ilikuwa na ncha iliyo huru, ambayo unaweza kuibadilisha utakavyo. Hapo ndipo usanifu wa dawa ulipozaliwa. Wakatengeneza molekuli kwa mamia, kila moja na badiliko lake dogo, zikajaribiwa kwa mpangilio. Namba 606 ikaonekana na Mjapani Sahachiro Hata kuwa inaua vijidudu vya kaswende, na mwaka 1910 ikaanza kuuzwa. Ulaya ikapata dawa yake ya kwanza iliyosanifiwa na mikono ya wakemia.

Kaswende, si malale. Watu wa Ssese hawakurudishiwa kitu. Kuanzia mwaka 1949 wagonjwa ambao malale ilikuwa imefika kwenye ubongo walitibiwa kwa melasoproli, aseniki nyingine, inayounguza mshipa inapopita, na iliyoua yenyewe takribani mgonjwa mmoja kati ya kila 20. Daktari anajua, muuguzi anajua, ndugu wamekaa nje wanajua. Wanachoma sindano kwa kuwa malale isipotibiwa inaua wote. Hali hiyo iliendelea mpaka ndani ya karne hii ya 21.

Ilipofika mwaka 2005, shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, lilianza kupekua molekuli za zamani zilizokuwa zimetupwa. Likakuta moja, feksinidazoli, ambayo kampuni moja ya Ujerumani iliianza miaka ya 1970 ikaiacha njiani. Molekuli ilikuwapo, imelala kwenye kumbukumbu, watu wakiendelea kuchomwa aseniki. Ikafufuliwa, ikajaribiwa zaidi Kongo, ikakubaliwa mwaka 2018: vidonge, siku 10, bila sindano. Ile malale ya upande wetu, inayokwenda kasi na inayopatikana Tanzania, Uganda na Malawi, ikaongezwa kwenye kibali cha dawa hiyo Desemba 2023.

Kila ninapofundisha historia hii sauti inanipungua, na sioni haya kusema hivyo. Miili ya watu wa ziwa hili ilitumika kuanzisha elimu hii. Elimu ikaenda zake, ikatibu wengine kwanza, na ikachukua zaidi ya miaka 100 kurudi. Sisemi hivi ili mchukie mtu. Ehrlich hakuwa adui yetu, na waliofufua feksinidazoli, Wazungu na Waafrika, nawaheshimu mno. Ninachosema ni kwamba, katika miaka yote hiyo, mezani pale penye kuamua molekuli ipi iendelee na ipi itupwe hapakuwa na mtu ambaye shangazi yake ana malale.

Leo mtu wa namna hiyo ameanza kuonekana. Kelly Chibale, Mzambia, alisoma Chuo Kikuu cha Zambia, akaenda Cambridge, na mwaka 2010 akaanzisha kituo cha kugundua dawa kiitwacho H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko wakasanifu molekuli ya malaria inayoitwa MMV048, ikaingia kwenye majaribio kwa binadamu. Haikufika mwisho. Molekuli nyingi hazifiki, hata za makampuni makubwa. Lakini watu walioitengeneza wapo, wanajua njia, na wanaendelea.

Tuje kwenye masomo yenyewe, maana wazazi wanataka kujua ada inakwenda wapi.

Milango ni miwili. Mmoja ni shahada ya famasia, miaka minne hapa Tanzania. Inafundishwa Muhimbili, inafundishwa hapa hapa Bugando. Kemia ya dawa ni moja ya masomo ndani yake, na ukimaliza, ukifanya mafunzo ya vitendo na kusajiliwa, una leseni ya kufanya kazi hospitalini au kwenye duka la dawa wakati unajipanga. Mlango wa pili ni shahada ya kemia, miaka mitatu, kisha uzamili. Huo ni mrefu na hauna leseni mwishoni, lakini unakupa mikono ya kutengeneza molekuli. Wa kwanza unamjua mgonjwa, wa pili unaijua molekuli, na maabara nzuri inawataka wote wawili wakae benchi moja. Mwenye hofu ya ajira aanze na famasia. Huo ndio ushauri ninaowapa wanangu wa kuwazaa.

Kemia ya kaboni ndiyo itakayowachuja. Wanafunzi wanaoikariri inawashinda kila mwaka, nimewaona wenye alama A za kidato cha sita wakilia. Ile mishale midogo inayoonyesha elektroni zinakokwenda ni lugha, na lugha hujifunzi kwa kukariri kamusi. Chora kila siku. Chora kwenye vumbi, chora kwenye bahasha.

Maabara mtaanza na vitu vidogo. Mtatengeneza parasetamoli kwa mikono yenu, mtaona fuwele nyeupe zikijitokeza kwenye bika, na hamtaitazama tena kwa jicho lilelile. Mtajifunza kwamba ni ini lenyewe linalogeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kwamba kwa dozi ya kawaida ini hilohilo linaifuta sumu hiyo, na kwamba anayemeza vidonge 20 kwa hasira analifikisha ini mahali lisipoweza kufuta tena. Sehemu kubwa ya usanifu wa dawa iko hapo. Kuua kimelea ndani ya chupa ni kazi nyepesi, hata jiki inaua. Swali ni kama molekuli itapita tumboni, itavuka ini, itafika inakotakiwa, na itatoka bila kuharibu.

Mseto, ile dawa ya malaria, ni mwalimu mzuri wa somo hilo. Vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Mle ndani mna molekuli mbili zenye tabia tofauti kabisa. Artemetha inashambulia kwa kasi, homa inashuka siku ileile, lakini baada ya saa chache imekwisha mwilini. Lumefantrini ni ya polepole, inakaa siku kadhaa ikisafisha waliobaki, na inapenda mafuta: tumboni ikikosa mafuta sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Ndiyo maana muuguzi anawaambia mmeze na maziwa, au na chakula chenye karanga. Mtu anayemeza dozi mbili, akajisikia mzima, akaweka zilizobaki kwa ajili ya malaria ijayo, ameruhusu vimelea vilivyosalia vijifunze. Na vinajifunza. Badiliko linalovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, kisha Uganda, na limeshaonekana Kagera. Kutoka hapa mpaka Bukoba ni usiku mmoja wa meli.

Mtaulizwa na babu zenu kuhusu mitishamba. Msiwajibu kwa dharau, na msiwadanganye. Hiyo artemisinini yenyewe ilitoka kwenye mmea. Tu Youyou wa China alikuwa akichemsha majani, dawa inapotea. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kimeandika: loweka, kamua, unywe. Hapakuwa na neno la kuchemsha. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 akaipata. Tabibu wa kale alikuwa na nusu ya jibu, mkemia akaleta nusu ya pili. Pale Muhimbili kazi ya namna hiyo imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1974. Mwarobaini nao una molekuli, azadiraktini, ambayo wakemia wa Uingereza walihangaika miaka 22 mpaka wakaweza kuijenga mwaka 2007. Inazuia wadudu waharibifu kula mimea. Hayo magonjwa 40 yanayotajwa kwenye jina la mti, kila moja linahitaji mtu wa kukaa nalo.

Na hapo niwaonye kuhusu kompyuta. Leo mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato na bando anaweza kupata bure maumbo ya protini zaidi ya 200,000 kutoka kwenye hifadhi ya kimataifa, na programu ya bure ya kupachika molekuli ndani ya protini. Ni neema kubwa, mimi sikuwa nayo. Lakini nasoma tasnifu nyingi ambazo mtu amepachika molekuli ya mlonge kwenye protini ya kirusi, kompyuta ikampa namba nzuri, naye akaandika kuwa dawa imepatikana. Kompyuta imekupa dhana. Kuna bomba la majaribio, kuna seli, kuna panya, kuna ini. Anayetangaza dawa kutokana na namba hiyo anamdhulumu mgonjwa atakayemwamini.

Sitawaficha ugumu. Nilipokuwa nasoma uzamili, kemikali moja niliyoiagiza nje ilikaa bandarini miezi mitano, na ilipofika ilikuwa imeharibika. Umeme umeshakatika nikiwa nakausha kazi ya wiki tatu. Kuna molekuli niliifukuzia mwaka mzima na kila safari nikapata kitu cheusi kinachonata kama lami. Msimamizi wangu aliitazama ile lami akaniambia niipime, nisiitupe. Ndani yake palikuwa na molekuli nisiyoitarajia, na hiyo ndiyo iliyonipa shahada.

Nimeona mwanafunzi kule nyuma, binti mwenye sweta la kijani, amenyosha mkono tangu nilipotaja klorokwini. Nitakuja kwako. Nadhani unataka kujua kama lile swali la mama yangu lilijibiwa. Sehemu limejibiwa: kuna kipokezi kwenye neva za ngozi ambacho klorokwini inakigusa, kimejulikana kwa jina. Ni kwa nini inawawasha zaidi watu weusi, hapo bado pana kazi.

Mezani hapa nimeleta udongo wa mfinyanzi na njiti za kutosha watu 60. Prazikwanteli imechorwa kwenye karatasi, ile atomi ya kaboni nimeizungushia wino mwekundu. Kaeni wawili wawili, mmoja ajenge ya kulia, mwenzake ajenge ya kushoto. Kisha mjaribu kuzilinganisha.